Kutoa mayai kliniki: hiyo fomu usimwachie ejenti akujazie

Siste, wewe wa mwaka wa tatu uliyeuliza kama kutoa mayai yako ya uzazi kliniki, wapewe wanaotafuta mtoto, kutakumalizia yako, wanalipa ngapi na kama umwambie boyfriend, hayo yote weka kando kwanza. Umeandika hapo katikati, tena kama mtu anapita tu, kwamba siku zako huruka miezi miwili mitatu lakini ejenti amesema ataandika ziko sawa. HAPO. Hapo ndipo nilipoangukia mimi, na risiti bado ninazo.

Nilikuwa na miaka 22, nakaa hosteli Ngara, fee haijalipwa. Ejenti nilimpata Facebook, mama mmoja wa sauti tamu, ananiita "binti yangu". Akataka picha, urefu na gredi ya KCSE (sijui kama B plain huingia kwenye yai, lakini haya). Fomu akajaza yeye, mimi nikasaini chini. Palipoulizwa hedhi akaandika siku 28. Palipoulizwa kama nina PCOS, ile shida ya homoni inayovuruga hedhi na kujaza ovari vifuko vingi, akaandika hapana. Na nilikuwa nimeambiwa ninayo tangu fomu four! Akaniambia ukisema hiyo watakukataa, kwani wewe shida yako ni pesa ama ni ukweli? Nikacheka, mjinga mimi.

Sindano za homoni nilijidunga tumboni siku kumi, nikizificha kwa friji ya mama wa kibanda katikati ya maziwa na soseji. Siku ya skani daktari akahesabu vifuko vya mayai, upande mmoja 19, wa pili 17, akanyamaza. Vingi hivyo, angeshtuka hapo, ndiyo, na yeye nina maneno naye siku nyingine. Nikadungwa ile ya mwisho ya kuivisha, baada ya saa 36 wakayavuta nikiwa nimelazwa usingizi, nikajua nimemaliza.

Siku ya tatu jinzi ikakataa kufunga. Ya nne nimeongeza kilo sita na sijala kitu. Ejenti: "ni gesi binti yangu, chemsha tangawizi". Tangawizi! Ya tano pumzi inakatika, mkojo ni vijiko viwili, nikajifunga leso nikapanda matatu, kila bampu naona nyota, konda ananiuliza nina miezi mingapi nikamwambia ni mapacha. Hospitali wakasema ni OHSS, yaani ovari zimezidiwa na zile sindano (na mwenye PCOS ndiye yuko hatarini zaidi), maji yanavuja kutoka kwa mishipa ya damu yanajaa tumboni, na damu inayobaki inakuwa nzito mpaka inaweza kuganda. Walinitoa lita mbili na kitu kwa bomba. Siku sita kitandani.

Bili ikapita pesa niliyolipwa karibu mara mbili. Kliniki nilipowaendea walitoa ile fomu wakaweka kidole kwa sahihi yangu: ulituambia huna PCOS, hiyo si yetu. Ejenti alishakata chake, mpaka leo ananiachia tiki mbili za bluu. Na wakati huo mswada wa mbunge Millie Odhiambo wa kusimamia mambo haya ya uzazi wa kusaidiwa bado ulikuwa unazungushwa bungeni, sasa ningelalamika kwa nani, chifu?

Sikukatazi. Rumeti wangu alitoa mara mbili hakuumwa hata kichwa, anasema ni kama kutoa damu tu, matha wangu naye anasema niliuza wajukuu wake. Na mayai hayaishi hivyo, kila mwezi mengi huanza, moja linakomaa mengine yanakufa, dawa inaokoa yale ya kufa. Lakini fomu jaza na mkono wako, kila swali, ukweli mtupu. Hata mwenye PCOS daktari anaweza kumpunguzia dozi na kumbadilishia ile sindano ya mwisho, ama amwambie rudi nyumbani, LAKINI AKIJUA. Asipojua anakupa dozi ya mtu mwingine.

Umesema kesho saa nne ndiyo unaenda. Mwambie ejenti akutumie hiyo fomu leo usiku, na kama ashaandika siku 28 kliniki wakupe nyingine tupu. Akianza kukuita binti yangu, blok.