Mkuu, usinunue klempu hizo kabla hujapiga randa upya

Mkuu, hiyo pesa ya klempu, yaani vibanio vya kukazia mbao, iache mfukoni kwanza. Umeeleza kwamba mbao zako za mninga za uso wa meza zinagusana katikati lakini zinaachana kwenye ncha zote mbili, na unauliza ununue gundi ipi, klempu ngapi, na kama unga wa mbao uliochanganywa na gundi nyeupe utaziba nafasi hizo. Njia hiyo niliipita mimi, ikaishia kwa kumrudishia mteja wa Tabata fedha zake zote.

Mbao zangu ziliachana nchani kwa unene wa kucha tu. Nilizipaka gundi, nikachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa klempu na kukaza hadi nafasi ikapotea machoni, nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa nimezipinda kama upinde, na klempu zilipofunguliwa, nguvu yote ya mbao kutaka kurudi zilivyokuwa iliangukia kwenye gundi. Gundi nyeupe hushika imara ikiwa utando mwembamba kati ya nyuso zilizogusana vizuri, lakini ikivutwa mfululizo hulegea polepole, na ikijazwa kwenye nafasi husinyaa kadiri maji yake yanavyotoka. Ubao nao hukauka haraka zaidi nchani, kwa hiyo masika yalipokwisha na kipupwe kikaingia, kiungo kilianza kuachia papo hapo nilipokuwa nimelazimisha. Sarafu ya shilingi 200 iliingia wima. Mteja akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nafasi ile ni ya kupitishia makombo; nilikaribia kumjibu kwamba ndiyo.

Muuza duka wa Kariakoo alikuwa amenihakikishia kwamba gundi ile "inashika hata chuma", kana kwamba nilimwambia naunda meli. Na yule fundi wa kwenye video, anayefinyanga unga wa mbao na gundi, hajawahi kurudi kutuonyesha meza yake baada ya mwaka. Unga ule unaziba macho ya mteja, lakini haufanyi kazi ya nyuzi za mbao. Hata epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ambayo kweli inajaza nafasi, haikunyooshei ubao.

Kiungo lazima kifunge kikavu, kwa nguvu ya mikono yako tu, kabla chupa ya gundi haijafunguliwa. Zilaze mbao mbili uso kwa uso kama kurasa za kitabu kilichofungwa, uzibane pamoja kwenye jiliwa, kisha piga randa kingo zote mbili kwa mpigo mmoja. Hata randa ikiinama kidogo, pembe zitafidiana ukizifungua. Halafu simamisha ubao mmoja juu ya ukingo wa mwenzake mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya popote, rudia randa. Klempu ikaze mpaka vitone vidogo vya gundi vitokeze mstari mzima, basi. Bomba la chuma waachie mafundi wa maji.

Ukimaliza, weka hapa picha uliyoipiga mbele ya dirisha, tuone nchani pamekaaje.