Beking pauda imegeuka nyeusi: muuza duka katuchanganyia unga?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili. Nilipanga vitu vyeupe vya jikoni kwenye visahani, nikadondoshea iodini ya kusafishia vidonda. Sembe ikawa nyeusi, hiyo nilitegemea. Sukari, chumvi na magadi soda vikabaki na rangi ya kahawia. Lakini beking pauda na sukari ya aisingi navyo vikawa bluu-nyeusi! Mama anasema muuza duka amechakachua. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msimsingizie mwenye duka bado. Iodini hugeuka bluu-nyeusi ikikutana na wanga, ule uliojaa kwenye sembe. Wanga umo kweli, ila mara nyingi hutiwa kiwandani, tena makusudi. Geuza kopo usome viambato. Huenda ukakuta wanga wa mahindi umeandikwa.

Beking pauda ni magadi soda iliyochanganywa na asidi kavu. Viwili hivyo vikipata unyevu tu, vinaanza kutoa kaboni dayoksaidi, na kwa hewa ya Tanga au Mombasa kopo lingekufa nguvu mapema. Wanga hukaa katikati yao na kunyonya unyevu. Magadi soda iko peke yake, haina wa kugombana naye, ndiyo maana yako haikugeuka. Sukari ya aisingi nayo imesagwa laini mno, hugandana haraka. Kwa kawaida huwekewa wanga wa asilimia 3 hadi 5 hivi.

Rangi yenyewe inatokana na umbo. Sehemu ya wanga iitwayo amilosi ni mnyororo mrefu uliojikunja kama springi, na iodini hujipenyeza ndani yake. Sukari ni molekuli fupi, haina pa kuificha. Chemsha unga kidogo kwenye maji mengi, uache upoe, utie iodini, kisha upashe tena: bluu itatoweka, na ikipoa itarudi. Mimi hadi leo napenda kulitazama hilo.

Najua utauliza: mbona chumvi ya madini joto haigeuzi sembe? Kwa sababu iodini iliyomo kwenye chumvi yetu ni ya iodeti, imefungwa ndani ya kampaundi; haiko huru kama ile ya chupani.

Sasa tahadhari moja. Jaribio hili linakuambia wanga upo, si kiasi gani. Kijiko kilichotoka kwenye sembe kikiingia kwenye sukari, utapata bluu ya uongo. Tumia kijiko kikavu kwa kila kitu, na iodini izimuliwe hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi.

Mama akiendelea kushuku, atie kijiko cha chai cha beking pauda kwenye nusu kikombe cha maji ya moto. Ikifoka povu kwa nguvu, bado ni nzima. Ikilegea, ama imezeeka ama imechanganywa, na hapo iodini haitawaamulia ni lipi.

Vya kwenye visahani usirudishe makoponi. Mwaga.