Pesa, shule na uzee: kwa nini wazee wa rika moja hawazeeki sawa

Ukimwambia mtu kwamba kipato na elimu vinaamua atazeekaje, anafikiria hela ya hospitali tu. Hiyo ipo kweli, ila ni sehemu ndogo. Mi nimekaa sana na wazee wa familia yetu, nimewapeleka kliniki, nimepanga nao dawa, na kinachowatofautisha naona kilianza miaka mingi kabla hata hawajaanza kuumwa.

Kuna utafiti wa Uingereza unaitwa Whitehall, ulianza 1967, wakawafuatilia wanaume wafanyakazi wa serikali karibu 18,000. Sasa angalia, hawa wote wana ajira, wote wana mshahara wa uhakika, wote wanatibiwa bure, hakuna fukara pale. Lakini wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na walinzi wa milangoni, walikuwa wanakufa karibu mara tatu ya mabosi wa juu. Na wala sio kwamba wa juu wako salama na wa chini ndo wameisha, hapana, kila ukishuka ngazi moja hatari inaongezeka, hata yule wa pili kutoka juu yuko vibaya kuliko wa kwanza! Wakaziondoa kwenye hesabu tofauti za sigara, presha, kolesteroli, bado tofauti kubwa ikabaki. Michael Marmot, mtafiti aliyechambua matokeo hayo na kuongoza utafiti wa pili uliofuata, anasema shida kubwa ni mtu kutokuwa na usemi juu ya kazi na maisha yake, manake mwili unaoishi kwenye wasiwasi kila siku, miaka nenda rudi, moyo na mishipa vinachoka mapema.

Marekani nako, watafiti walichapisha 2016 kwamba wanaume walio kwenye asilimia 1 ya matajiri kabisa wanategemewa kuishi miaka 14.6 zaidi ya wale wa asilimia 1 ya chini kabisa, kwa wanawake ni miaka 10.1. Ndo maana huwa wananikera hawa wanaosema afya ni nidhamu tu, amka alfajiri ukimbie. Mtu anayefanya kazi mbili za kusimama akimbie saa ngapi?

Shule ndo watu hawaielewi kabisa inaingiaje. Ngoja niseme nilichokiona. Mama mkubwa ana presha, shule aliacha mapema, anasoma herufi kubwa kwa shida. Akaanza kuvimba miguu, namuuliza ananiambia "mwanangu huu ni uzee tu". Nikaomba nione dawa zake zote, akatoa maboksi mawili, rangi tofauti, majina tofauti, moja alipewa kliniki na lingine alinunua zilipoisha, na anameza zote asubuhi kwa sababu kwake hizo ni dawa mbili. Kusoma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa, kote imeandikwa amlodipine 5 mg. Yaani dawa ile ile dozi mara mbili, na kuvimba miguu ni moja ya madhara yake yanayojulikana na dozi ikipanda ndo yanazidi. Tukarudi kwa daktari na maboksi yote mawili mkononi, akaipunguza, miguu ikashuka. Mdogo wake ambaye alikuwa mwalimu ana dawa hiyo hiyo, na yeye ana daftari, anaandika vipimo, na daktari akiongea haraka anamkatisha bila woga, "samahani daktari, rudia hapo". Wamezaliwa tumbo moja hao.

Kwa hiyo kama una mzee asiyesoma vizuri usiishie kutuma hela ya dawa. Mwambie akuoneshe kila kidonge anachomeza, pamoja na za mitishamba, na soma jina dogo sio la biashara. Akitoka kwa daktari akueleze kwa maneno yake mwenyewe dawa anamezaje, akikwama hapo hapo mrudi ndani, aibu ya dakika mbili haiui mtu. Na usiache au kupunguza dawa kwa akili yako, hiyo ni kazi ya daktari.

Kwa wenye kipato cha kubahatisha (wengi wetu), tatizo la presha na sukari ni kwamba haviumi mapema. Hela ikipungua dawa ndo inakatwa ya kwanza, alafu mtu anajisikia poa tu wiki kadhaa, anaona kumbe hata haikuwa na kazi. Siku hela inapoingia nunua dawa za mwezi mzima kabla ya kitu kingine, na muulize daktari kama kuna ya bei nafuu yenye kiambata kile kile (yaani dawa yenyewe iliyomo ndani), mara nyingi ipo, ila usipouliza hakuna atakayekuambia.

Kingine ni masikio, hapa nasisitiza kabisa. Jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet 2024 lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya mtu kupoteza kumbukumbu uzeeni, wakasema yakishughulikiwa yote karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Elimu ndogo utotoni imo, usikivu hafifu umo, presha imo, upweke umo. Shule ya miaka hiyo huwezi kuirudisha, sawa, ila mzee ambaye hasikii anaacha kuongea na watu taratibu, anakaa pembeni kwenye kila mkusanyiko, na nyie mnasema siku hizi kawa mkimya. Mpelekeni akapimwe masikio, wakati mwingine ni nta tu imeziba na inatolewa siku hiyo hiyo.