Ukiulizwa Kwenu Wapi: Ushauri kwa Mtoto wa Wahamiaji Anayetaka Uongozi

Hivi karibuni kijana mmoja aliniandikia akiomba ushauri kuhusu kugombea udiwani. Wazazi wake waliingia nchini wakiwa wakimbizi, na wazee wa kata wamekwisha kumwambia, kwa upole unaouma kuliko matusi, kwamba awaachie kwanza wenyeji wamalize zamu yao. "Kaka, wewe ulivukaje hapo?" aliniuliza. Ninamjibu hadharani kwa sababu ninajua hayuko peke yake, na kwa sababu kila nilichokifanya nilikiiga kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona, Joe Slovo, mzungu mhamiaji aliyepigania ukombozi wa Afrika Kusini.

Slovo alizaliwa mwaka 1926 katika mji mdogo wa Obeliai nchini Lithuania, katika familia ya Kiyahudi iliyompa jina la Yossel. Baba yake alitangulia ng'ambo kutafuta maisha, kisha mama na watoto wakamfuata Johannesburg, mtoto huyu akiwa bado mdogo, anazungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, nyumbani na hana Kiingereza cha kumfikisha popote. Baba aliendesha gari la kusambaza mikate, na mama alifariki kabla mwanawe hajakua. Mwaka 1941, mwaka uleule ambao Wanazi na washirika wao waliwaua Wayahudi wa Lithuania, wakiwamo wa Obeliai, Joe aliacha shule na kuajiriwa kuwa karani katika ghala la dawa za jumla. Hapo ghalani, kabla ya chama chochote cha siasa kumjua, wafanyakazi wenzake walimfanya msemaji wao, naye akashiriki kuandaa mgomo. Mwaka uliofuata alijiunga na Chama cha Kikomunisti.

Mimi nilizaliwa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Baba alilima tumbaku, nami nikaja Morogoro kusoma na sikuondoka tena. Nilipata kazi ya ukarani wa stoo, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri nikapewa daftari la kamati ya maji ya mtaa. Daftari hilo ndilo lililonijenga. Nilijua nani amelipa na nani hajalipa, bomba gani linavuja na fundi gani anadanganya, na kwa miaka mingi hakuna aliyeniuliza kabila, kwa sababu mtu mwenye ndoo tupu hana muda wa kuuliza kabila.

Nilipochukua fomu ya kugombea uenyekiti wa mtaa ndipo maswali yalipoanza. Katika mkutano wa kura za maoni, mzee mmoja ambaye nyumbani kwake nilikuwa nimekwenda usiku kufunga koki iliyopasuka alisimama, akavua kofia yake kwa heshima, akauliza: "Mwanangu, kaburi la babu yako liko wapi?" Ukumbi ulicheka, nami nikashindwa vibaya. Sitakitaja chama, lakini sitasema kwamba nimesahau, kwa maana hata leo nikikutana na mzee yule sokoni ninamwamkia kwanza mimi, na shikamoo ile hunikaba kooni.

Nyumba ninayopanga haiko mbali na mahali ambapo, mwezi Aprili mwaka 1969, ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kilifanya mkutano wake mkubwa wa uhamishoni, baada ya wapiganaji wake kupata hasara kubwa walipojaribu kupitia Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Slovo alihudhuria. Wakati huo alikuwa amekwisha kupigana katika Vita Kuu ya Pili, kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand alikokutana na Nelson Mandela, kushtakiwa katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1956, na kuwa miongoni mwa waasisi wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ukombozi la ANC, mwaka 1961. Hata hivyo, hadi siku hiyo hakuwa mwanachama wa ANC, kwa sababu chama kiliandikisha Waafrika weusi tu. Mkutano wa Morogoro ndio ulioufungua uanachama wa uhamishoni kwa watu wa rangi zote na kumwingiza Slovo katika Baraza la Mapinduzi, lililosimamia mapambano, chini ya kiongozi wa ANC, Oliver Tambo, lakini Halmashauri Kuu ya Taifa ilibaki imefungwa kwake hadi mkutano wa Kabwe, Zambia, mwaka 1985. Mtu huyu alisaidia kuandika hati ya mkakati wa mapambano iliyopitishwa hapa Morogoro, akitumikia chama ambacho kwa miaka mingine 16 hakikumpa kiti katika halmashauri yake.

Wapo watakaosema kwamba alidhalilishwa. Mimi naona alielewa jambo ambalo wahamiaji wengi wenye kipaji hawalielewi, nalo ni kwamba watu walionyang'anywa nchi wana haki ya kuogopa kunyang'anywa na chama, na hofu hiyo huondolewa na kazi ya muda mrefu, wala si hotuba. Kwa hiyo, ndugu yangu, shika kazi ambayo wenzako wanaikimbia, iwe ni daftari, hesabu za ushirika au foleni ya zahanati, na uishike bila kutangaza kwamba unaishikilia kwa ajili ya kura.

Gharama haikuwa ndogo. Slovo aliondoka Afrika Kusini mwaka 1963 na kuishi uhamishoni miaka 27, Uingereza, Angola, Msumbiji na Zambia. Tarehe 17 Agosti 1982 mkewe, Ruth First, mwandishi na mwanazuoni aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane mjini Maputo, alifungua bahasha iliyotumwa na majasusi wa makaburu, na bomu lililokuwamo likamuua. Ruth alikuwa amemtangulia mumewe kwa miaka mingi kuuona ubovu wa Moscow. Slovo aliendelea kuitetea Urusi ya Kisovieti hata pale ambapo haikuwa na utetezi, na waraka wake wa kuukosoa Ustalini, yaani ukomunisti wa mabavu wa Stalin, ulitoka ukuta wa Berlin ukiwa umekwisha kuanguka. Ninampenda mzee huyu, lakini hapo alichelewa mno, na anayetaka kumfuata asimfuate katika hilo.

Aliporudi nyumbani mwaka 1990, akiwa maarufu kwa soksi zake nyekundu na utani wake, magazeti ya wazungu yalikuwa yamekwisha kumchora kuwa adui namba moja. Rais F. W. de Klerk alitaka aondolewe katika mazungumzo, Mandela akakataa. Na ni adui huyohuyo aliyemwendea Mandela kwa faragha na kushauri kwamba ANC isitishe mapambano ya silaha, ushauri uliozaa Makubaliano ya Pretoria kati ya ANC na serikali, ya Agosti 1990. Mwaka 1992 alipendekeza tena kwamba kwa kipindi maalumu madaraka yagawanywe na watumishi wa serikali ya zamani walindwe katika ajira zao. Wenzake wengi walikasirika. Angekuwa mtu mwingine ameyasema hayo, angeitwa msaliti na mjadala ungeishia hapo, ila huyu alikuwa mwasisi wa jeshi lenyewe, na mkewe alikuwa ameuawa na watu waliokaa upande wa pili wa meza. Deni alilowakopesha wenzake kwa miaka 50 alilidai siku hiyo, akalipwa. Wewe pia usilidai mapema. Vijana wa siku hizi mnataka kuonekana Jumatatu na kuchaguliwa Ijumaa, kisha mkikataliwa mnalaumu ukabila, wakati daftari la kamati linaoza kabatini bila mwandishi.

Kuhusu kaburi, sasa ninalo jibu ambalo ningempa yule mzee. Slovo alifariki kwa saratani ya uboho tarehe 6 Januari 1995 na akazikwa katika makaburi ya Avalon, Soweto, miongoni mwa watu ambao makaburu walisema si wenzake. Mwaka jana nilichaguliwa mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, na aliyelipendekeza jina langu ni mtoto wa mzee huyo. Ninaliandika hili kwa majivuno, wala sioni sababu ya kujificha.

Ila usidhani kwamba kupokewa ndiyo mwisho wa kazi. Slovo alikuwa Waziri wa Nyumba kwa miezi minane tu, tangu Mei 1994, huku serikali ikiwa imeahidi nyumba milioni moja ndani ya miaka 5. Aliwaketisha pamoja mabenki, wajenzi na wakazi kule Botshabelo mwezi Oktoba, na sera ya nyumba ikachapishwa Desemba, wiki chache kabla ya kifo chake. Watu wasio na makazi waliiita mitaa yao ya mabanda kwa jina lake. Mmoja wa mitaa hiyo uko Langa, Cape Town, na mwaka 2009 Mahakama ya Katiba iliidhinisha kuhamishwa kwa wakazi wake wapatao 20,000, kwa sharti kwamba asilimia 70 ya nyumba zitakazojengwa pale zitengwe kwa ajili yao. Miaka miwili baadaye amri ya kuwahamisha ikafutwa, kwa kuwa serikali haikuitekeleza.