Ukipewa namba kubwa, ivunje kwanza

Wengi wakikutana na namba kubwa hukimbilia kikokotoo. Inagawanyika kwa 7? Ina vigawo vingapi? Ina kipeuo cha pili kilicho kamili? Kila swali huanzwa upya. Mimi kwa miaka mingi nimeshika utaratibu mmoja: naivunja namba hadi zibaki namba tasa tupu, ndipo naanza kuuliza.

Chukua 3,603,600. Sifuri mbili za mwisho ni 100, yaani 2² × 5². Inabaki 36,036. Sasa ikate makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha utoe na kujumlisha kwa kupokezana: 36 − 36 = 0. Basi inagawanyika kwa 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Njia hii naipenda kuliko zote, kwa kuwa inapima namba tasa tatu kwa mkupuo mmoja, na siri yake ni kwamba 1,000 imepungukiwa 1 tu kufika 1,001. Hata jibu lisipokuwa 0, lipime hilo hilo kwa 7, 11 na 13; litakalokubali, namba nzima nayo inakubali.

Iliyobaki ni 36. Kwa hiyo tunayo 2⁴ × 3² × 5² × 7 × 11 × 13.

Hapo ndipo utamu ulipo. Ukiunda kigawo, 2 ina nafasi 5: kuachwa kabisa, au kutumika mara moja hadi mara nne. Namba tasa nyingine nazo vivyo hivyo: 5 × 3 × 3 × 2 × 2 × 2 = 360. Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo vingi hivyo! Kipeuo cha pili kamili haina, maana 7, 11 na 13 hazina wenza. Izidishe kwa 1,001 uwape wenza, utapata 60,060².

Tarakimu zisipokusaidia, jaribu namba tasa moja moja, na ukome kwenye kipeuo cha pili. Lakini tafuta kwanza umbo la namba. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Ni yeye pia aliyethibitisha kwamba kila kigawo chake kilicho tasa, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Kwa sharti hilo unajaribu 193, 257, 449, 577, na ya tano ndiyo 641.

Na 6,700,417 je, ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na sharti la Euler linakuachia saba tu za kujaribu: 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Chukua karatasi uzigawanye kwa mkono.