Kabla hujafilisi, uliza msimu: kwa mnaoanza kazi ya kusimamia ufilisi Kusini mwa Tanzania

Ukikabidhiwa faili la biashara iliyoelemewa na madeni Mtwara au Lindi, usianze kwa kuuliza inadaiwa shilingi ngapi. Uliza fedha zake huingia mwezi gani. Minada ya korosho huanza Oktoba, na miezi michache inayofuata ndiyo inayolisha duka la vifaa vya ujenzi la Masasi na lori la Newala mwaka mzima. Benki inayotaka rejesho lile lile kila mwezi itamkuta mwenye duka hana kitu mwezi Mei, wakati biashara yenyewe ni nzima. Huyo hahitaji kufilisiwa. Anahitaji ratiba ya marejesho inayofuata msimu, na mtu anayeaminika wa kwenda kuiomba.

Wapo ambao hakuna ratiba itakayowaokoa. Gesi ilipovuma, watu wa Mtwara mjini walikopa wakajenga nyumba za wageni. Bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015, wakandarasi wakafungasha, na mradi wa kusindika gesi pale Likong'o, Lindi, umebaki wa kusubiriwa. Kufika kwa Oktoba hakuvijazi vyumba vile. Kutenganisha makundi haya mawili ndiyo kazi yenyewe, na hutaifanya kwa kusoma mizania, ile hesabu ya mali na madeni, peke yake. Mizania ya 2018, mwaka ambao serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wakulima wengi yakachelewa, itakuonyesha muuza pembejeo aliyekufa kibiashara. Daftari lake la wakopaji huenda likakwambia mengine.

Sheria inakupa nafasi kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002, kampuni inaweza kufikia makubaliano ya hiari na wadai wake, au kuomba Mahakama Kuu itoe amri ya usimamizi. Amri hiyo ikiwapo, mdai hashtaki wala hakamati mali bila ridhaa ya msimamizi au ruhusa ya mahakama, na msimamizi anapata muda wa kuona kama kuna cha kuokoa. Masjala ya Mahakama Kuu ipo Mtwara, kwa hiyo umbali si kisingizio. Kinachokwamisha ni kuchelewa: wenye kampuni huja baada ya benki kuteua meneja mfilisi wake, mtu wa kushika na kuuza mali iliyowekwa dhamana, na hapo unabaki na machache ya kufanya.

Tena wateja wako wengi hawatakuwa na kampuni. Watakuwa na jina la biashara na leseni ya halmashauri, basi. Deni la hapo ni la mtu mwenyewe, na nyumba anayolala inaweza kuingia hesabuni. Shauri lake linaangukia sheria ya ufilisi wa watu binafsi, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ndiyo inayobeba jukumu la kabidhi rasmi, yaani anayeshika mali ya aliyefilisika. Nyumba ikiwa imewekwa rehani, angalia mapema kama mwenzi wake aliridhia, na kama notisi ya siku 60 ilitolewa sawasawa. Nashangaa mawakili wanavyoyaacha haya mpaka siku ya mnada.

Mwenye biashara naye atakupa kazi. Akipata milioni mbili atamlipa shemeji kwanza, halafu yule mdai anayekuja kupiga kelele dukani, na benki itasubiri. Au lori litahamia jina la kaka yake usiku mmoja. Mwambie siku ya kwanza, bila kumung'unya, kwamba malipo ya kumpendelea mdai mmoja na uhamisho wa namna hiyo mahakama inaweza kuvibatilisha. Mwambie pia kwamba wewe si wakili wake. Ukishateuliwa, unawajibika kwa wadai wote, hata yule mzee aliyekopesha matofali kwa mdomo tu. Hilo huwauma, hasa kama mlisoma pamoja au ni majirani. Ukiona undugu uko karibu mno, mpishe mwenzako.

Kwenye mkutano wa wadai, peleka makadirio ya fedha ya kila mwezi, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. TRA, NSSF na wafanyakazi wasiolipwa mishahara wawemo humo kwa tarakimu, wasifichwe chini. Ada yako nayo iandikwe waziwazi na waikubali wote, maana inakatwa kwenye mali kabla wao hawajapata chochote.