Nimeandika wosia na bado nadunda

Jumatano iliyopita nilipanda treni ya umeme kutoka Morogoro hadi Dar, nikaingia RITA, ile ofisi ya serikali inayotunza wosia, nikatoka nimeshakabidhi wosia wangu wahifadhi. Nje nikajipongeza kwa glasi mbili za juisi ya miwa. Miaka 41, nyumba moja Kihonda, kiwanja Mkundi, duka la vipodozi. Kwetu hakuna aliyewahi kufanya hivi. Ndiyo, najisifu.

Habari za duka nimewasimulia sana. Hii ya baba sijawahi.

Baba alifariki 2016 bila kuacha karatasi. Kila Krismasi, sahani ya pilau mbele yake, alikuwa akisema, "Hii nyumba ni ya mama yenu." Tulimsikia wote. Mahakama ya mwanzo ikauliza mashahidi. Sheria ya kimila, ile ya mwaka 1963, inataka wosia wa mdomo uwe na mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo, wawili watu baki. Sisi tulikuwa mama, watoto watatu na pilau.

Kikao cha ukoo kikampendekeza baba mdogo awe msimamizi wa mirathi. Muhtasari niliusaini huku nalia, sikuusoma. Hapo nilikosea mimi. Msimamizi si mrithi! Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, na orodha ya mali anaipeleka mahakamani ndani ya miezi minne. Yeye akapangisha vyumba vya mbele, kodi akala. Tulimwondoa baada ya miaka minne ya kupigwa kalenda. Mama aliporudi kwake akakuta mwembe wake umekatwa. Kodi nimesamehe. Mwembe bado.

Sasa juzi dada mmoja ananiandikia: "Nina kiwanja kimoja tu, wosia wa nini?" Andika, dada. Weka tarehe na sahihi, tafuta mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na wote wawili wasiwe watu unaowarithisha. Kama wewe ni Mwislamu, kaa na sheikh kwanza, maana wasia hauvuki theluthi ya mali. Kazini nako kaangalie jina la mrithi ulilojaza siku unaajiriwa. Unaweza kukuta ni la yule mliyeachana. Halafu mwambie mtu wosia uko wapi. Wosia uliofichwa chini ya godoro na kusahaulika una tofauti gani na pilau ya baba?

Tunachangia harusi kila mwezi, vikao hatukosi, ila ukitaja wosia unaambiwa unaleta uchuro. Jamani, baba yangu hakuandika na alikufa vilevile.

Mume wangu hajaandika wa kwake. Anasema namharakisha. Karatasi na kalamu nimemwekea juu ya friji, na jana nilikuta kaandikia humo bei ya mabati.